Kuku wa mayai: mbona fedha zinaishia njiani?

SWALI: Nimeajiriwa, na nyuma ya nyumba nafuga kuku 100 wa mayai. Mwaka wa kwanza walinilipa vizuri. Sasa mayai yamepungua na sina fedha ya vifaranga wengine. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu yetu, ulichokula ni mtaji. Kuku wa kisasa huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20. Wakifika wiki ya 75 au 80 mayai hayalipi tena chakula vizuri. Kundi jipya la kuku 100 litamaliza mifuko kama 15 ya kilo 50 kabla ya yai la kwanza, na fedha hiyo haiokotwi siku moja. Itenge kila trei inapouzwa, mbali na fedha za jikoni. Vifaranga wapya waingie wale wa zamani wakiwa na wiki 55 hivi, tena banda lao peke yao, maana wakubwa huwaambukiza magonjwa.

Pima hivi: kuku 100 hula kilo 12 kwa siku, yaani mfuko kwa siku nne. Wakitaga mayai 80 kila siku, siku hizo nne zinakupa trei 10 na mayai 20. Wakitaga 50, trei 6 na mayai 20. Thamani ya trei hizo ikikaribia bei ya mfuko, wauze wiki hiyohiyo. Usingoje Krismasi, kuku anayesubiri bei naye anakula.

Ila kwanza kagua maji. Vyombo vikikauka mchana mmoja, utagaji huanguka kwa siku kadhaa.