Jibu: Muziki safi, mjadala ukianza maiki zinapiga mluzi

Mkuu, tatizo si mixa yako, yaani mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti. Mwimbaji anaimba kwa nguvu maiki ikiwa mdomoni. Mzungumzaji anaongea chini huku ameishusha kifuani, fundi anapandisha sauti, na maiki inaanza kunasa sauti ya spika na kupiga mluzi. Sogeza spika mbele ya viti vya wazungumzaji, zielekee watazamaji. Maiki ikae sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, na ya asiyeongea izimwe kwenye mixa. Ile ya maswali ishikwe na mhudumu. Ukimwachia muulizaji ataziba kichwa cha maiki kwa kiganja, nayo italia papo hapo. Zima pia pangaboi la juu ya jukwaa. Kwa joto la Dar watu watanung'unika, lakini mvumo wake unaingia kila maiki iliyo wazi.