Maswali ya Wasomaji: "Alisema", "Alidai" na "Alikiri"

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo, na kazi yangu mojawapo ni kuandika kumbukumbu za mikutano. Katika kumbukumbu za kikao kilichopita niliandika kwamba mweka hazina "alidai kuwa hesabu zote zimekwisha kukaguliwa". Aliposomewa alinijia juu, akasema nimemfanya mwongo mbele ya wanachama. Nilitumia neno hilo kwa sababu "alisema" lilikuwa limejirudia mno katika ukurasa ule, na shuleni tulifundishwa kuwa kurudiarudia neno ni udhaifu. Je, malalamiko yake yana msingi?

JIBU: Yana msingi, ingawa naamini hukuwa na nia mbaya. Anayedai ni mtu anayetaka apewe kitu ambacho bado hakijawa mkononi mwake, na maana hiyo ya deni hailiachi neno hata linapohamia kwenye maneno ya mtu. Ukiandika kwamba fulani alidai jambo, unamwambia msomaji kuwa jambo lenyewe halijathibitika na kwamba wewe mwandishi umejitenga nalo. Ndiyo sababu neno hilohilo linafaa sana katika habari za mahakamani, ambako mwandishi ana wajibu wa kuandika "anadaiwa kuiba" mpaka hukumu itolewe. Shaka inayomlinda mshtakiwa kule ndiyo iliyomuumiza mweka hazina wenu.

Chukua sentensi moja, kwamba mweka hazina fulani anaeleza kuwa hesabu za mwezi hazijakaguliwa, kisha uibadilishe kitenzi kimoja tu. Ukiandika "alisema", umeripoti tu. Ukiandika "alikiri", umekwisha kuamua kuwa kuna kosa na kwamba kosa ni lake au analijua. Ukiandika "alifichua", umethibitisha kuwa jambo hilo ni kweli na kwamba kuna mtu aliyekuwa akilificha. "Alilalamika" humpeleka msomaji kutafuta mkosaji mwingine nje ya ofisi yake, na "alibainisha" huonyesha kuwa wewe mwenyewe unakubaliana naye. Maneno yaliyotoka kinywani mwa mtu yule ni yaleyale, lakini msomaji aliyepata kumbukumbu hizo akiwa nyumbani atakuwa ameshuhudia mikutano mitano tofauti.

Nguvu hii ya kitenzi imewahi kupimwa. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa moja isipokuwa kitenzi: wengine waliulizwa kuhusu magari "yalipogusana", wengine "yalipogongana", wengine kwa neno zito lenye maana ya kupondana. Walioulizwa kwa neno la kugusana walikadiria wastani wa takriban kilomita 51 kwa saa, na walioulizwa kwa neno la kupondana walifika takriban 66. Katika jaribio la pili, lenye wanafunzi 150, waliulizwa baada ya wiki moja kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika, lakini 16 kati ya 50 waliopewa neno la kupondana walijibu kuwa waliviona, ilhali waliopewa neno la kugongana walikuwa 7 kati ya 50. Ikiwa kitenzi cha muulizaji kinaweza kumwongezea shahidi vioo ambavyo havikuwapo, basi kitenzi cha katibu, ambacho hubaki kwenye faili miaka na miaka, kinastahili kuangaliwa zaidi.

Kuhusu hofu yako ya kurudia "alisema", nadhani walimu wetu walituonya kupita kiasi. Neno hilo ni jepesi kiasi kwamba jicho la msomaji hulipita bila kujikwaa, na katika kumbukumbu za mkutano hilo ni sifa. Hata hivyo, ukichoka nalo, usibadilishe kitenzi, badilisha muundo: "Taarifa ya mweka hazina ilionyesha kuwa hesabu zote zimekaguliwa", au "Kwa mujibu wa mweka hazina, hesabu zote zimekaguliwa." Miundo hii miwili nayo hailingani, kwa kuwa wa kwanza unaegemea karatasi iliyosomwa na wa pili unamwegemea mtu. Chagua ule unaoeleza kilichotokea kweli kikaoni.

SWALI: Mimi ni mtunza ghala. Katika ripoti niliandika kuwa "kufuli la mlango wa nyuma lilivunjwa". Msimamizi wangu alilibadilisha kuwa "lilivunjika", akisema maana ni moja na kwamba neno lake lina upole zaidi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, iwapo una hakika kuwa kuna mtu aliyelivunja. Kiswahili kinatofautisha mambo haya kwa kiambishi kidogo mno, na ndiyo maana tofauti yenyewe hupita bila kuonekana. "Lilivunjwa" lina mtendaji hata asipotajwa: unaweza kuongeza "na wezi" na sentensi ikakubali. Jaribu sasa kusema "lilivunjika na wezi" uone jinsi sikio linavyokataa. "Lilivunjika" hueleza hali ya kufuli, kana kwamba limechakaa na kuachia lenyewe, na anayeisoma ripoti hiyo ataagiza kufuli jipya bila kuuliza nani aliingia usiku.

Msimamizi wako ana hoja upande mmoja tu. Ikiwa ulilikuta kufuli limekatika na hakuna dalili nyingine yoyote, hata "lilivunjwa" ni kumtuhumu mtu usiyemjua, na hapo andika ulichokiona: "Saa 12 asubuhi nililikuta kufuli likiwa limekatika, na mlango ukiwa wazi." Sentensi hiyo inaeleza hali bila kumtaja mtendaji, lakini pia haimfuti. Upole anaoutafuta msimamizi ni mzuri katika barua ya rambirambi. Ripoti ya ghala kazi yake ni kumwezesha mtu asiyekuwapo ajue la kuchunguza. (Nimeona ripoti nyingi ambamo vitu vimepotea, vimeharibika, vimechelewa na vimesahaulika, na hakuna mtu hata mmoja aliyepoteza, aliyeharibu, aliyechelewesha wala aliyesahau.)

SWALI: Je, ni kukosa adabu kuandika kwamba mtu "alikufa" badala ya "alifariki dunia"?

JIBU: Kwa mtu mmoja anayetajwa kwa jina, ndiyo, wasomaji wengi wataliona neno hilo kuwa kavu, na "alifariki dunia" au "aliaga dunia" ndiyo kauli ya heshima. Katika takwimu za maafa au za magonjwa, "waliokufa" halimkwazi mtu. Jambo la kuangalia ni kwamba heshima hiyo isiingie mahali ambapo mtu ameuawa. Aliyepigwa risasi akafa papo hapo aliuawa, na taarifa inayosema tu kuwa "alifariki dunia" haimpi msomaji sababu ya kuuliza nani alifyatua. Andika "aliuawa" katika sentensi ya kwanza, na kuanzia hapo unaweza kumwita "marehemu" mpaka mwisho wa habari.