Mkataba wa mali kabla ya nikaha: usitie sahihi wiki hii

Dada, umesema mchumba wako amekuletea mkataba wa mali uutie sahihi kabla ya nikaha hapo Malindi, na harusi ni wiki ijayo. Kwa maoni yangu, usitie.

Mkataba wenyewe si tusi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013, kifungu cha 6, inauruhusu, na mahakama inaweza kuutengua ikiwa kulikuwa na udanganyifu, shuruti au dhuluma ya wazi. Lakini kesi ni gharama na machungu, afadhali usomwe sasa na wakili wako mwenyewe, si yule wake.

Kilichonishtua ni hicho kipengele cha "mali yote itakayopatikana ndani ya ndoa ni ya mume". Jamani! Wewe ndiye utakayeshinda dukani kwake ukikunjua leso na kupatana bei na wateja, kisha urudi upike na kulea watoto. Sheria hiyohiyo inahesabu kazi za nyumbani, malezi na kusimamia biashara kuwa mchango. Usikubali kufutiwa hayo kwa kalamu yako. Kiandikwe upya, na nyumba uliyoachiwa na marehemu babako itajwe wazi kuwa ni yako peke yako.

Kwa kuwa nyote ni Waislamu, muoneni kadhi pia, maana kifungu cha 3 kinawapa nafasi ya kufuata sheria ya Kiislamu. Mahari ni haki yako, yasichanganywe humo.

Ami yako ndiye walii, basi azungumze na mchumba wako mapema, hata kama harusi itasogezwa.