Maswali ya Wasomaji: Pedeli za mkono, bega na mapigo ya moyo

SWALI: Mhariri, niliumia uti wa mgongo, chini ya kifua, miaka sita iliyopita. Nyumbani natumia kiti mwendo, na kwenda Kariakoo natumia baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Kiti mwendo hunichosha baada ya mtaa mmoja, ilhali kwa baiskeli navuka bonde la Jangwani bila kuhema sana. Je, ni mazoea tu? Na mbona siku hizi bega la kulia linaniuma? (Msomaji, Magomeni)

JIBU: Si mazoea, ndugu msomaji. Anayesukuma ringi ya kiti mwendo huishika kwa kitambo kifupi, huiachia, kisha huurudisha mkono nyuma ukiwa mtupu ili aanze upya, kwa hiyo nguvu yote ya mzunguko hubanwa katika kitambo hicho na bega ndilo linaloipokea. Pedeli haiachwi. Husukumwa na kuvutwa, na misuli ya kifua, mgongo na mikono hupokezana kazi duara zima. Vipimo vya maabara huonyesha kwamba kwa kusukuma ringi, kiasi cha asilimia 10 tu ya nishati inayotumiwa na mwili, na mara nyingi pungufu ya hapo, ndicho kinachogeuka kuwa mwendo. Kwa pedeli za mkono hufika asilimia 15 au kupita kidogo. Inayosalia ni joto, nasi wa Dar es Salaam hatuhitaji kuongezewa joto.

Angalia pia kama pedeli zako mbili huenda pamoja au kwa kupishana. Zinapopishana kama za miguuni, kila mzunguko huliyumbisha gurudumu la mbele, na mikono hulazimika kulinyoosha huku ikiendesha. Ndiyo maana baiskeli za mashindano hufungwa pedeli zinazokwenda pamoja.

Kuhusu bega, nashuku vipimo vya baiskeli. Suruali tunapimiwa kiunoni, lakini baiskeli tunaichukua kama ilivyochomelewa. Pedeli ikifika mbali kabisa nawe, kiwiko kibaki kimekunjika kidogo, na mhimili wa pedeli usipite kimo cha bega. Ukilazimika kujivuta mbele ili uifikie, au kuinua mikono juu ya mabega, mpelekee fundi asogeze kiti au ashushe mhimili. Ikiwa ina gia moja tu nzito, kile kipande cha kupanda kutoka Jangwani kuelekea Fire kinalisumbua bega kuliko safari nzima iliyobaki, na hapo kuomba kusukumwa si aibu. Maumivu yakiendelea hata usiku, mwone mtaalamu wa viungo.

SWALI: Mdogo wangu alivunjika shingo, na sasa anafanya mazoezi ya baiskeli ya mkono. Hata akichoka kabisa, saa yake haionyeshi mapigo zaidi ya 120. Je, saa ni mbovu? (Dada mtu, Mbagala)

JIBU: Huenda saa ni nzima, dada. Mishipa ya fahamu inayouharakisha moyo hutoka kwenye uti wa mgongo katika pingili za juu za kifua, ya 1 hadi ya 4. Uti ukikatika shingoni, amri ya ubongo haifiki huko, na mapigo ya juu kabisa hukomea kati ya 110 na 130 hivi. Asijipime kwa saa, bali kwa pumzi: akiweza kuzungumza kwa sentensi fupi, kasi inamfaa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jua. Chini ya jeraha mwili wake hautoi jasho la kutosha, kwa hiyo atoke alfajiri, akiwa na chupa ya kujinyunyizia maji usoni na mikononi. Akipatwa ghafla na kichwa kinachogonga huku uso ukiwa mwekundu, aache mara moja, mkalishe wima, umlegezee nguo na ukague kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa. Hiyo ni shinikizo la damu linalopanda kwa kasi, hatari ya wote walioumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu. Lisiposhuka baada ya dakika chache, mkimbizeni hospitali.