Flashi ya bei nafuu kwa picha za watu: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu flashi, yaani taa ya kamera, wala si kile kifaa cha kuhifadhia mafaili ambacho nacho tumekipa jina hilohilo. Karibu wote mlioandika mnapiga picha za watu, na karibu wote fedha ni za kuhesabu.

Shikamoo mwalimu. Nina kamera ya Nikon na lenzi ya milimita 50. Nimeambiwa nisinunue flashi isiyo na TTL, lakini bei yake inanishinda. Nifanyeje? (Morogoro)

Marahaba. TTL ni mfumo ambao flashi hutoa kwanza mmweko mdogo wa majaribio, kamera ikaupima kupitia lenzi, kisha ikaamua yenyewe nguvu ya mmweko wa picha. Mfumo huu unamfaa sana anayemfuata bi harusi akiingia ukumbini, kwa sababu umbali hubadilika kwa kila hatua. Lakini mtu aliyeketi kwenye kiti mbele yako haendi popote, na nguvu ukishaipanga kwa mkono itabaki ileile hata akivua koti jeusi akavaa shati jeupe, mabadiliko ambayo mara nyingi huichanganya TTL.

Kwa hiyo usione aibu kununua flashi ya kupangwa kwa mkono. Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV ni flashi za aina hiyo: zinatumia betri nne za AA, na ndani yake kuna redio ya kupokea amri kutoka mbali. Katika maduka ya Marekani, TT600 imeuzwa kwa muda mrefu kwa takriban dola 65, ilhali TT685 II yenye TTL huwa karibu mara mbili ya hapo. Bei za Kariakoo au za Luthuli Avenue jijini Nairobi utazijua ukifika, ila uwiano huo utakusaidia kujadiliana. Fedha utakayookoa inunulie triga ya redio ya kukaa juu ya kamera na kuiamuru flashi iwake (ya kampuni ileile iliyotengeneza flashi, kwa sababu redio zao hazielewani), stendi, na mwavuli mweupe wa studio. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewaona vijana wengi wakimaliza akiba yao yote kwenye flashi moja ya gharama, kisha wakaiweka juu ya kamera na kumlenga mtu usoni moja kwa moja. Picha inayotoka hapo haina tofauti na ile ya flashi ya bei rahisi kabisa.

Namba 60 iliyoandikwa kwenye boksi la TT600 nayo isikubabaishe. Ni kipimo cha nguvu katika mita, kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), kichwa cha flashi kikiwa kimebanwa hadi milimita 200 ili mwanga uende mbali kwa wembamba. Ndani ya mwavuli utakifungua kichwa hicho hadi upana wa milimita 24 au 35, na namba itashuka sana. Kwa uso ulio umbali wa mita moja, hata hivyo, nguvu itakayobaki inatosha na kuzidi.

Flashi yangu mpya haiwaki nikiiweka kwenye Canon 4000D, lakini kwenye kamera ya rafiki yangu inawaka vizuri. Je, nimeuziwa mbovu? (Kigoma)

Huenda flashi ni nzima kabisa. Tazama juu ya kamera yako, pale inapokaa flashi. Kwa kawaida katikati huwa na kidoti kikubwa cha chuma, ambacho ndicho kinachopeleka ishara ya kuwaka. Canon ilikiondoa kwenye baadhi ya kamera zake za bei ya chini, zikiwemo 4000D na 250D, zikabaki na vidoti vidogo tu vya kuzungumza na flashi zinazoijua lugha ya Canon. Unahitaji flashi au triga iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon (kwa Godox, jina lake huishia na herufi C), na ambayo mtengenezaji ametaja wazi kuwa inakubaliana na kamera yako. Nenda dukani na kamera mkononi, na ujaribu kabla hujalipa.

Kila nikitumia flashi, paji la uso la mteja linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta, na nyuma yake panakuwa giza. Wateja wangu wengi ni weusi kama mimi. Ninunue flashi yenye nguvu zaidi? (Mombasa)

Hapana, dada yangu. Nguvu unayo, unachokosa ni upana. Uso wa flashi ni mdogo kuliko kiganja chako, na ngozi huuakisi kama kioo, likatokea doa moja dogo jeupe. Kwenye ngozi nyeusi doa hilo huonekana zaidi, kwa kuwa tofauti kati yake na ngozi inayolizunguka ni kubwa. Ukiipanua taa, mng'ao uleule unatandaa taratibu kwenye shavu na kuonyesha umbo la uso, na hapo ngozi nyeusi hupendeza kwa namna ambayo mwanga mwembamba hauwezi kuionyesha.

Fanya jaribio hili jioni moja sebuleni. Weka kasi ya shata 1/160 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6 na ISO 200, kisha upige bila flashi; picha ikitoka nyeusi, taa za nyumbani haziingilii tena. Sasa simamisha mwavuli mweupe umbali wa mita moja kutoka kwa mtu, pembeni kidogo, juu kidogo ya macho yake, na upige mwanga upenye kitambaa ukielekea kwake. Anza na nguvu ya 1/8. Ikizidi, shuka 1/16. Ikipungua, panda 1/4. Halafu ikuze picha uangalie ndani ya macho: ukiuona mduara mweupe wa mwavuli katika sehemu ya juu ya mboni, taa imekaa mahali pake.

Giza la nyuma lina sababu yake. Umbali kutoka kwenye taa ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Mteja akiwa mita moja kutoka kwenye taa na ukuta mita nne, ukuta unapata sehemu moja tu ya 16. Msogeze mteja karibu na ukuta, au uirushe flashi kwenye dari nyeupe ili mwanga ujae chumba kizima. Lakini itazame dari na kuta kwanza. Niliwahi kumpiga picha bibi mmoja katika sebule iliyopakwa rangi ya kijani, nikaugeuzia mwanga ukutani bila kufikiri, na mtandio wake mweupe ukatoka rangi ya majani ya mgomba. Ilinibidi nirudi siku ya pili.

Jambo la mwisho: usiongeze mwanga ili mteja aonekane mweupe kuliko alivyo. Mwanga upimwe kwenye uso wake, si kwenye gauni, na rangi yake mwenyewe ndiyo ibaki.

Baba aliniachia flashi ya zamani ya Vivitar. Naweza kuitumia kwenye kamera ya kidijitali? (Arusha)

Usiipachike bado. Baadhi ya flashi za miaka ya 1970 hupeleka kwenye kamera umeme wa zaidi ya volti 200, na kamera nyingi za leo haziuhimili. Mwombe fundi aiwashe, kisha apime volti kwa mita ya fundi kati ya kidoti cha katikati na chuma cha pembeni, halafu ulinganishe kipimo hicho na kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha kamera yako. Kikizidi, iweke iwe kumbukumbu ya mzee.

Napiga picha ufukweni saa sita mchana kwa f/1.8, na nikiwasha flashi picha inaungua yote, inakuwa nyeupe tupu. Kosa liko wapi? (Bagamoyo)

Kosa liko kwenye kasi ya shata. Kwa flashi ya kawaida kamera nyingi haziendi zaidi ya 1/200 au 1/250, na kwa jua kali, ISO 100 na 1/200, lenzi inatakiwa kuwa karibu f/11. Ukitaka f/1.8 utahitaji takriban 1/8000, na kwa kasi hiyo flashi hufanya kazi kwa mfumo wa HSS tu, yaani mfumo wa kuwaka kwenye kasi kubwa za shata. TT600 inao mfumo huo ikiwa mbali na kamera na ikiongozwa na triga ya Godox, lakini nguvu hupungua sana, na mwavuli utapunguza tena. Mpeleke mtu kwenye kivuli cha mnazi au cha ukuta wa jengo, akiwa ameupa mgongo upande wenye mwanga mkali, na hapo flashi ndogo itatosha.

Kwa kuwa uko pwani, ukirudi nyumbani toa betri zote nne, uzifute ncha zake kwa kitambaa kikavu na uzihifadhi nje ya flashi. Hewa ya chumvi hutia kutu kwenye vile vyuma vidogo vya ndani.