Mwanangu, alama ile haikupima yote

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nikaona si jambo la kujibiwa kwa simu ukiwa ndani ya matatu. Umeniambia kwamba ile kampuni ya Eneo la Viwanda ulikoomba kazi ya kusimamia ghala ilikukalisha mbele ya kompyuta, ukafanyishwa mtihani wa maumbo na tarakimu, kisha wakakuandikia kuwa alama zako hazifiki kiwango wanachotaka. Ukaniuliza: "Mama, kwani mimi sina akili? Na mbona tangu siku hiyo hata kazi niliyonayo siitamani?" Halafu ukataka kujua uwaambie nini waajiri wengine. Unajua nimefundisha saikolojia ya elimu chuo cha ualimu hadi kustaafu, lakini hata ningekuwa muuza mboga, maswali hayo yasingenipa usingizi.

Maumbo uliyonieleza, yaliyopangwa safu tatu na moja likaachwa wazi ulijaze wewe, asili yake ni jaribio la Mwingereza John Raven lililochapishwa mwaka 1938. Linapima kitu cha kweli: uwezo wa kugundua kanuni katika jambo ambalo mtu hajawahi kuliona. Sikubaliani na wanaosema majaribio haya ni upuzi mtupu. Wanaofanya vizuri humo mara nyingi hufanya vizuri darasani pia, na mwanasaikolojia Charles Spearman alionyesha tangu mwaka 1904 kwamba alama za masomo mbalimbali huelekea kupanda na kushuka pamoja. Lakini mwanangu, kupima kitu cha kweli si kupima kila kitu, wala si kupima kitu kisichobadilika. Alfred Binet, ambaye pamoja na Théodore Simon alitunga jaribio lake la akili huko Paris mwaka 1905, alitaka kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Hakutaka kumpiga mtu muhuri. Mwaka 1909 aliwapinga waziwazi wale waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kupangwa, hakiongezeki.

Wala usidhani hayo ni ya Ulaya tu. Hapa kwetu Kenya, huko Embu, watafiti waliwapa watoto wa kijijini maumbo ya Raven mwaka 1984, wakarudi kuwapa watoto wengine wa umri ule ule mwaka 1998. Alama zilikuwa zimepanda sana. Katika miaka 14 damu ya watu haibadiliki. Kilichobadilika ni maisha: wazazi walikuwa wamesoma zaidi, familia zimekuwa ndogo, lishe imekuwa bora. Baadaye, huko huko Embu, watoto wa darasa la kwanza walipewa githeri, yaani mahindi na maharage, shuleni. Wengine githeri yao ilitiwa nyama, wengine walipewa na maziwa, wengine ikaongezwa mafuta, na kundi moja halikupewa chakula. Waliotiliwa nyama ndio walioendelea zaidi katika maumbo yale. Kwa hiyo mtu akikuambia alama hiyo ni wewe ulivyoumbwa, mwulize kwa nini kipande cha nyama kiliweza kuisogeza.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, nao ni wa Usenge, karibu na Ziwa Victoria. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto ujuzi wa miti shamba: dawa gani ni ya ugonjwa gani, na hutumiwaje. Wakawapima pia msamiati na mambo ya shule. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Waliojua dawa nyingi walielekea kupata alama za chini katika msamiati, na waliong'ara katika msamiati walielekea kutojua dawa. Maelezo waliyoyatoa yananiingia akilini: katika mazingira yale, nyumba nyingine ziliweka nguvu zao shuleni, nyingine kwenye ujuzi wa kuishi, na mtoto hukua kule anakosukumwa. Mgeni mwenye karatasi za mtihani peke yake angeondoka akisema nusu ya watoto wale ni wazito wa kuelewa.

Sasa nikuambie nilichokiona mwenyewe. Nilikuja asubuhi hapo Nyamakima, Nairobi, unakofanya kazi ya nafaka, lori la mahindi limeingia kutoka Kitale na mwenye mzigo anaapa ni makavu. Ulipita gunia walilokuwekea mbele, ukatia mkono hadi kwenye kiwiko ndani ya lile la katikati, ukatoa punje chache, ukatafuna moja huku ukisikiliza inavyovunjika. Kisha ukamvuta mzee pembeni, ukamwambia kwa adabu kwamba haya yalinyeshewa njiani, ama ayaanike ama ashushe bei. Katika dakika hiyo ulipima unyevu, hatari ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu, bei ya soko, mteja wa Machakos ambaye angerudisha mzigo, na heshima ya mtu mzima mbele ya vijana wake. Huko ni kufikiri, na ni kufikiri kwa kiwango cha juu. Kompyuta yao haikukuuliza hata swali moja la namna hiyo, ilhali kazi yenyewe ni ya ghala!

Tena hata hicho walichokipima hawakukipima vizuri. Umesema saa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma kwenye pembe ya kioo, na viganja vilikulowa hadi ukavipangusa kwenye sketi. Robert Yerkes na John Dodson waliona mwaka 1908, kwa panya waliokuwa wakifundishwa kuchagua njia, kwamba kazi ikiwa rahisi msukumo mkali hauharibu, lakini kazi ikiwa ngumu, ukizidisha ukali wanajifunza polepole zaidi. Kwa binadamu, sehemu ya sababu tunaifahamu. Kumbukumbu inayoshika mambo tunayoyafanyia kazi wakati huo ni meza ndogo, na hofu ikija inakalia nusu yake. Ulikuwa unashika kanuni ya maumbo, na papo hapo unashika "nikishindwa je, kodi je, mama atasemaje".

Moyo kwenda mbio si adui lakini. Wanasaikolojia Stanley Schachter na Jerome Singer walipendekeza mwaka 1962 kwamba msisimko wa mwili hupata jina kutokana na jinsi tunavyoelewa chanzo chake. Si yote waliyodai yaliyothibitika baadaye, ila sehemu hiyo ina faida. Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba watu walioichukulia hofu yao kuwa ni shauku kabla ya kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Kwa hiyo safari nyingine usijiambie "tulia". Jiambie "nina hamu ya kuanza", kwa sauti ikibidi.

Kuhusu kazi kukuchosha, hapo huna uvivu wowote. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wamefundisha kwa miaka mingi kwamba hamu ya ndani hulishwa na mambo matatu: mtu kuona anachagua mwenyewe, kuona anaweza, na kuwa na watu wanaomjali. Barua ile ilikupiga pale pa kuona unaweza, na hamu ikalala. Mshahara kuongezwa usingeiamsha. Albert Bandura, tangu mwaka 1977, alisisitiza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi na kufanikiwa kwa mikono yake mwenyewe, kuliko maneno ya kutiwa moyo, hata haya yangu. Basi mwombe tajiri wako akuachie jambo moja lenye mwanzo na mwisho, kama hesabu ya magunia yote ya maharage hadi mwisho wa mwezi, ulifanye kwa utaratibu unaoutaka wewe.

Maumbo nayo hufundishika. Atakayeyazoea hupata alama zaidi ya anayeyaona mara ya kwanza, nawe uliyaona mara ya kwanza siku hiyo. Njoo Jumamosi na daftari. Tutaanza bila saa, ukishazijua kanuni tutaweka saa.

Kwa waajiri wengine, wasipouliza, usilitaje. Wakiuliza, sema ulifanya mtihani huo mara moja, hukufikia kiwango chao, na sasa unajizoeza. Kisha waombe wakuoneshe ghala lao.

Mama yako