Usafi wa ufuo uanze na wenye ufuo

Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, ufuo ni mahali pa kazi na pa malezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ikipwa karibu saa nne asubuhi, wanawake hushuka kuchokoa pweza na kuangalia mwani. Wengine hufukua makumbi, maganda ya nazi yenye nyuzi, yaliyokaa mchangani miezi kadhaa, wayatwange, wasokote kamba za usumba. Watoto hufuatana nao, na huko ndiko wanakojifunza majina ya samaki na ya miamba. Mashimo ya makumbi yakijaa vipande vya nyavu za nailoni, kazi hugeuka kuwa kuchambua taka. Vigae na sindano vikianza kuchoma miguu, mtoto huachwa nyumbani, na somo lake hukatika. Kwetu sisi hasara hiyo ni kubwa kuliko ya watalii wanaokimbia.

Kwa hiyo mwenye kupanga usafi aende kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na kwa wanawake hao, aulize nani anatumia sehemu gani na lini. Msiite watu asubuhi ya bamvua, mtawanyima kitoweo. Ngojeni siku mbili tatu baada yake: maji yakielekea kuwa mafu hayafiki tena juu, na taka hubaki mstari mmoja, kavu na nyepesi.

Mwenye gari na mnunuzi wa chupa wapatikane kabla ya kuokota chochote. Usafi mwingi huharibikia hapa. Magunia hurundikwa chini ya minazi yakangoja, na kiroba cha plastiki kikipigwa na jua miezi michache hukatika nyuzinyuzi. Taka hurudi baharini pamoja na kiroba chenyewe, safari hii katika vipande visivyookoteka. Chupa zimwagwe maji, zikung'utwe mchanga, zivuliwe vifuniko, kisha zikanyagwe. Vifuniko ni plastiki ya aina nyingine, vikae peke yake. Ndara nazo zitengwe: mafundi wa Lamu walifunika nazo jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini 2018.

Wavu uliofukiwa ukatwe kwa kisu, usivutwe. Majani ya bahari yaacheni, yanashika mchanga. Msichome chochote, moshi wa plastiki ni sumu na huishia majumbani.

Mashimo ya makumbi yaliyofunikwa kwa mawe mgeni asiyaguse, hata yakionekana kama jalala. Wenyewe waitwe, waonyeshe cha kuondoa.